Msaada: bwawa la kuogelea linavuta hewa na kupoteza maji, fundi anataka tuvunje sakafu (Tanga)

Chumvi_ya_Sahare · #1

Wakuu salaam. Mimi si fundi, ni msimamizi wa nyumba ndogo ya wageni hapa Tanga mjini, upande wa Sahare. Vyumba tisa na bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, upande wa kina kirefu mita 1.8, wa watoto mita 1. Tulilifunga mwanzoni mwa Machi. Masika yalikuwa yanakuja, wageni hakuna, bosi akasema tupunguze umeme. Sasa tuna harusi wiki tatu zijazo, familia ya bwana harusi inalala kwetu, na kitu cha kwanza walichoulizia kwenye simu si vitanda, ni bwawa.

Nimetoa majani, nimeongeza maji, nimewasha pampu. Balaa likaanzia hapo. Kile kifuniko cha kioo cha pampu hakijai, maji yanaishia nusu na juu yanatokota kama sufuria ya ubwabwa. Kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani yanatoka mapovu mfululizo. Nikizima pampu nusu saa, nikiwasha tena inazunguka na upepo mtupu, mpaka niijaze maji kwa ndoo. Chini ya pampu pana tone, tone, tone, na pamefanya ukoko mweupe. Linaloniumiza zaidi: nikiiacha pampu ikiwaka usiku kucha ili maji yatakate, asubuhi yamepungua vidole viwili.

Nilimwita fundi bomba, sitamtaja. Alikuja na mrija mmoja wa silikoni akapaka kila maungio aliyoyaona, na pasipo na maungio akapaka. Akaondoka na elfu themanini. Kesho yake mapovu yaleyale. Aliporudi akasema sakafu imepasuka, tumwage maji yote, tung'oe vigae. Kazi tu milioni tatu na ushee, vifaa mbali. Bosi yuko safarini anasema "msikilize fundi". Moyo unasita. Wajuzi nipeni mwanga.

kopo_la_ngamiani · #2

Ngoja waje wenye mabwawa. Sisi wa Barabara ya 12 tunaogea kopo, likivuja tunageuza upande.

Mdaku_Mstaafu · #3

Vidole viwili vya nani, mkuu? Vyako au vya mbeba zege? Tafuta rula.

Mzee_wa_Presha · #4

Chumvi, salaam. Niko Bagamoyo, nimeshika pampu za mabwawa ya hoteli za ufukweni huku tangu sijaota mvi. Kabla hujagusa chochote: maji yasimwagwe. Masika ndiyo kwanza yamepita, na ninyi Sahare mko hatua chache tu kutoka baharini, ardhi chini ya bwawa imeshiba. Bwawa tupu ni mtumbwi wa zege. Linakaa chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyomo, na lako kwa vipimo hivyo lina kama lita 45,000, yaani tani 45. Ukiziondoa, maji ya ardhini yanasukuma kutoka chini. Sakafu inabinuka, au bwawa zima linanyanyuka na kukata mabomba yake. Hapo sasa vigae utaving'oa kweli.

Tuje kwenye mashine. Hayo uliyotaja si ugonjwa mmoja. Pampu ina pande mbili na kila upande unavuja kivyake. Upande wa kuvuta, yaani kutoka skima (ule mdomo wa pembeni unaonyonya maji ya juu) na tundu la chini hadi kwenye pampu, pampu ikiwaka hapatoki hata tone. Panaingia hewa. Chukua mrija wa dafu uliotoboka: ukinyonya, dafu halichirizi pale kwenye tundu, wewe ndiye unayepata upepo mdomoni. Upande wa kusukuma, kutoka pampu kwenda filta na kurudi bwawani, ndiko maji yanakotoka nje. Fundi wako alikuwa anatafuta maji mahali ambapo hayatoki.

Kwa hiyo mapovu na kifuniko kutojaa ni upande wa kuvuta. Pampu kupoteza maji ukiizima ni hilohilo, hewa inaingia na maji yanarudi bwawani, maana nahisi banda lenu la mashine liko juu kuliko usawa wa maji. Tone lenye ukoko mweupe karibu na mota, hiyo ni sili ya shafti, kizuizi cha maji pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu. Vidole viwili bado hatuvijui, kwa hiyo tusitaje sakafu wala mbingu. Anza na hewa. Pampu inayovuta hewa inakuharibia kila kipimo kinachofuata.

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye taima. Fungua ile koki ndogo ya hewa juu ya filta mpaka geji ya presha isome sifuri. Usiipuuze hatua hiyo, hewa iliyobanwa ndani ya filta inarusha mfuniko kama kombora, na anayekuwa ameinama pale juu ni wewe. Kisha toa oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko cha pampu, uniambie unaona nini.

Chumvi_ya_Sahare · #5

Ni kweli banda liko juu, kama mita moja hivi kutoka usawa wa maji.

Oringi nimeitoa. Inateleza kama kambare. Nikiirudisha kwenye mfereji wake imekuwa ndefu kuliko mfereji, upande mmoja inafanya kiwimbi. Nikiikunja naona nyufa ndogondogo. Ndani ya mfereji nimekuta punje za mchanga na kipande cha jani la mwarobaini. Mlinzi ananiambia aliyenitangulia alikuwa anaipaka mafuta ya mgando, haya ya kupaka mwilini, kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali.

Mzee_wa_Presha · #6

Ijumaa alikuwa anawahi swala na kuua oringi kwa pamoja. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya petroli, na oringi nyingi za pampu hizi ni mpira wa EPDM ambao hauelewani kabisa na petroli. Unavimba, unalegea, unatoka kwenye mfereji. Halafu miezi mitatu bila maji, banda lina joto, upande usiovimba umekauka na kupasuka. Kinachopakwa ni grisi ya silikoni, kidogo tu, mpira ung'ae bila kudondosha. Isikuchanganye na ile silikoni ya mrija ya fundi wako. Ile ni ya kuzibia kingo za sinki, hii ni grisi.

Unapoagiza mpya usipime hiyo iliyovimba, utaletewa kubwa. Pima mfereji, au soma jina na namba kwenye kibati cha pampu ununulie hizo. Na zile plagi mbili ndogo za kumwagia maji tumboni mwa pampu nazo zina vioringi vyake. Watu huvisahau.

Mbondei_Ughaibuni · #7

Hizo plagi zina vituko. Niko Canada, niliwahi kufanya kibarua cha kufungua mabwawa. Huku yanafungwa kabla ya baridi na kila tone linatolewa kwenye pampu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na kupasua chuma, sembuse plastiki. Plagi zinafunguliwa na kuwekwa ndani ya kikapu cha pampu zisipotee. Inakuja Mei, mwenye nyumba kasahau, anawasha: maji yanaruka kwenye matundu mawili, anapiga simu analia pampu imepasuka. Nilikuwa nalipwa kwa kufunga plagi mbili na mkono.

Chumvi_ya_Sahare · #8

Hahaha, huku barafu tunaiona kwenye juisi ya miwa tu. Ila nimekagua, plagi moja haina oringi kabisa, imefungiwa kamba ya mfuko wa rambo.

Maduka matatu ya hapa mjini hawana saizi. Nimeagiza Kariakoo, inakuja na basi la usiku.

kopo_la_ngamiani · #9

Mwambie kondakta asiivae kama bangili.

Chumvi_ya_Sahare · #10

Mrejesho. Oringi imefika nzima, nimesafisha mfereji kwa kitambaa na mswaki wa zamani, nikapaka grisi, nikafunga kwa mkono bila spana. Plagi nazo zimepata vioringi. Nikajaza pampu maji, nikawasha.

Afadhali ipo. Kifuniko kinajaa robo tatu, lakini mapovu bado, na nikizima maji yanakimbia baada ya saa moja badala ya nusu saa. Nimepekua kila bomba la kuvutia kwa tochi, pakavu kama Ramadhani mchana.

Mzee_wa_Presha · #11

Si nilikwambia huko hapatoki maji? Tafuta povu la kunyolea, la kopo la kubonyeza. Pampu ikiwa inawaka, paka povu kuzunguka kila maungio ya upande wa kuvuta: yunioni (maungio ya kufungua kwa mkono), elbo (kona), mikono ya valvu, na hasa pale bomba linapoingia kwenye pampu kwa nyuzi za kuzungushia. Kaa uangalie. Penye tundu, povu litanyonywa. Maji ya sabuni nayo yanafaa, ila yanachuruzika haraka. Na ile silikoni bandua yote kwanza, inakuficha.

Chumvi_ya_Sahare · #12

Nimeazima povu kwa kinyozi wa mtaa wa pili, kaniuliza nakwenda kumnyoa nani.

Wakuu, nimeona kwa macho yangu. Nilipaka maungio saba, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sita yametulia, povu limesimama kama maziwa ya mtindi. La saba, pale adapta ya PVC (kipande cha kuunganishia bomba) inapoingia kwenye mdomo wa pampu kwa nyuzi, povu likaanza kuingia ndani taratibu, likafanya kishimo, kishimo kikawa kitobo kama cha sindano ya cherehani. Nikisogeza sikio nasikia mluzi mwembamba. Nikabonyeza kidole pale, mapovu bwawani yakakatika. Nikatoa, yakarudi. Nimefanya hivyo mara nne, mlinzi akadhani nimechanganyikiwa.

Mzee_wa_Presha · #13

Umemkamata. Pampu hiyo imewahi kukimbia bila maji, tena si mara moja. Umeme unakatika, maji yanarudi bwawani kwa sababu ya hewa, umeme unarudi, taima inaiwasha kavu. Maji kidogo yaliyobaki ndani yanapata moto mpaka yanachemka. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzijoto 80 hivi, nyuzi za adapta zinasinyaa, tepu inabaki inaning'inia. Hapo hata ungepaka lami.

Kata bomba, toa adapta hiyo, weka mpya. Tepu nyeupe izungushwe kufuata upande wa kukazia: ielekeze ncha ya nyuzi usoni kwako, zungusha kama mshale wa saa, mizunguko minne mitano, uivute ikae ndani ya nyuzi. Kaza kwa mkono kisha nusu mzunguko au mmoja kwa spana, basi. Ukitumia nguvu za kufungulia tairi la lori utapasua mdomo wa pampu, na huo hauuzwi peke yake.

Sasa sikiliza mtego. Bomba la inchi 2 lina kipenyo cha nje milimita 60 na kidogo. Bomba la milimita 63, ambalo dukani nalo linaitwa inchi 2, ni 63 kamili. Moja halikai ndani ya soketi ya mwenzake. La inchi moja na nusu ni 48 na kidogo, ndugu yake wa vipimo vya mita ni 50. Nimekuta mabanda ya pampu Bagamoyo yamechanganywa yote mawili, pengo limejazwa gundi. Gundi ya PVC si ya kujaza pengo, inayeyusha kuta mbili zinazogusana ziwe moja. Zisipogusana hakuna kitu. Nenda dukani na kipande ulichokata.

fundi_chipukizi_MZ · #14

Mzee kwa heshima, sisi huku Muheza soketi ikikataa tunapasha bomba moto kwenye mkaa, linapanuka, tunachomeka, gundi juu. Mbona inashika?

Mzee_wa_Presha · #15

Mwanangu, inashika kwenye bomba la sinki ambalo maji yanapita kwa mteremko. Ukilipanua kwa moto ukuta unakuwa mwembamba, na duara halibaki duara, linakuwa yai. Kwenye pampu inayovuta, yai lina nafasi pande mbili. Na moto uliounguza PVC hadi ikawa kahawia umeshaifanya iwe kama biskuti. Hata mimi nilifanya hivyo ujanani, ndiyo maana najua. Soketi zinauzwa.

Chumvi_ya_Sahare · #16

Mzee, Mungu akuweke. Nilikwenda na kipande, muuzaji akanipa "inchi 2". Nikachomeka palepale kaunta: inacheza kama mwiko kwenye chungu. Akabadilisha, nyingine ikaingia hadi nusu kwa kubana, hiyo ndiyo yenyewe. Ningerudi na ile ya kwanza ningemaliza kopo la gundi.

Nilikata kwa msumeno wa chuma, nikapiga msasa mdomo, nikafuta kwa dawa ya kusafishia PVC, gundi pande zote mbili, nikachomeka huku nazungusha robo na kushikilia nikihesabu hadi thelathini. La kwanza niliharibu, elbo ikaangalia ukutani badala ya juu. Gundi hii haikupi muda wa kufikiri. Nikakata tena. Nimeacha saa 24 bila kuwasha.

Bi_Raskazone · #17

Nimesoma uzi wote na chai yangu. Chumvi mdogo wangu, wakati unasubiri gundi, ishughulikie hiyo sili ya shafti, usiseme "ni tone tu". Sisi nyumbani tuliiachia tone, likawa linaingia kwenye mota. Baada ya miezi miwili beringi zikaanza kulia, wageni wakawa wanauliza nani anasaga mahindi. Tukanunua mota nzima.

Halafu tulipobadilisha sili, kijana wetu akaivaa vibaya, wiki moja ikavuja tena. Ina sehemu mbili zinazosuguana, moja nyeupe kama kikombe cha chai, nyingine nyeusi yenye springi. Nyuso hizo zimenyooshwa kama kioo. Alizishika kwa vidole vyenye grisi, eti anazilainisha. Zinakaa kavu na safi, zinashikwa kwa tishu, na nyuso zenyewe zinatazamana. Maji ndiyo grisi yao, kwa hiyo pampu isiwashwe kavu hata dakika moja baada ya kufunga.

Mzee_wa_Presha · #18

Dada amemaliza, sina la kuongeza, isipokuwa: kabla ya kufungua mota kata umeme, na usiguse kapasita hata umeme ukiwa umekatwa, inahifadhi chaji.

Chumvi_ya_Sahare · #19

Ahsante Bi Raskazone. Sili nimeipata, namba imeandikwa kwenye pampu. Ile ya zamani uso mweusi umeliwa upande mmoja na ule mweupe una mfereji unaokwaruza kucha. Ukoko ulikuwa chumvi iliyokauka, nimeukwangua kwa kijiti. Mota nimeizungusha kwa mkono, beringi kimya. Tumewahi.

Saa 24 zimepita. Nimejaza pampu, nimefunga kifuniko, nimewasha. Dakika moja na nusu hewa yote imetoka. Kifuniko kimejaa, maji yametulia mpaka naona vishikio vya kikapu. Bwawani povu hakuna. Geji iliyokuwa inatetemeka kwenye 0.3 imesimama 0.8. Nimezima saa mbili, nimewasha, imevuta papo hapo. Mlinzi amepiga takbiri.

Lakini asubuhi maji yamepungua tena. Safari hii nina rula: sentimita tatu.

Mdaku_Mstaafu · #20

Rula oyee. Fundi wa vigae anarudi sasa hivi.

Mzee_wa_Presha · #21

Asirudi bado. Fanya kipimo cha ndoo. Weka ndoo kwenye ngazi ya bwawa, tia jiwe isielee, ijaze mpaka maji ya ndani yawe sawa na ya nje. Weka alama kwenye ndoo na kwenye kigae. Ndoo inapata jua lilelile na upepo wa kusi uleule, kwa hiyo kinachopungua ndani yake ni mvuke tu. Saa 24 pampu ikiwa imezimwa na valvu zimefungwa. Saa 24 nyingine pampu ikifanya kazi. Mtu asiogelee, na mvua ikinyesha anza upya.

Bwawa lako lina eneo la mita za mraba 32, kila milimita moja ni lita 32. Leta tarakimu.

Chumvi_ya_Sahare · #22

Siku ya kwanza, pampu imezimwa: ndoo milimita 6, bwawa milimita 6. Nimepima mara mbili sikuamini.

Siku ya pili, pampu imewaka saa 10: ndoo 6, bwawa 31.

Tofauti 25, mara 32, ni lita 800. Kwa saa kumi, lita 80 kila saa.

Mzee_wa_Presha · #23

Sakafu iliyopasuka haijui kama pampu imezimwa au imewashwa, ingevuja siku zote mbili. Sakafu yenu ni nzima. Maji yanatoka pampu inaposukuma tu. Kama hakuna bomba linalorusha maji bandani, nifuatilie lile bomba la kumwagia uchafu, linalotoka kwenye kichwa cha filta chenye mkono wa kuzungusha. Linaishia wapi?

Chumvi_ya_Sahare · #24

Linapita chini ya ukuta, linatokea nyuma kwenye migomba ya jirani. Sijawahi kwenda huko, kuna mbwa. Ngoja.

Chumvi_ya_Sahare · #25

Wakuu. Nimetoka huko sasa hivi.

Mkono wa filta uko mahali pa kuchuja, pampu inawaka, bomba la uchafu lilitakiwa liwe kavu. Linatoa maji unene wa kalamu, bila kelele. Limechimba kidimbwi cha ukubwa wa meza. Ndani ya kidimbwi wamo bata sita wa jirani, wananiangalia kama nimeingia chumbani kwao bila hodi. Migomba ya pale ni ya kijani kibichi, mikungu imeinamia chini, ile ya pembeni mita kumi imenyong'onyea. Jirani kanikaribisha, anasema "hapa tangu mwanzo wa mwezi kumetokea chemchemi, ni neema ya Mungu". Nimekosa la kumjibu.

kopo_la_ngamiani · #26

BATA WANA SWIMINGPULI NA MIMI NINA KOPO 😂😂😂

Mzee_wa_Presha · #27

Ndani ya kichwa hicho cha filta kuna mpira uliokaa kama gurudumu la baiskeli, una spoki. Kazi yake ni kutenganisha njia, maji ya kurudi bwawani yasiingie njia ya kumwaga. Umechoka au umenyanyuka. Kinachouua ni kuzungusha mkono huku pampu inawaka, presha inaubeba kutoka kwenye mfereji wake. Kingine ni kufunga bwawa mkono ukiwa umekazwa mahali pamoja miezi yote, mpira unabonyea na haurudi. Mkifunga tena, uachwe katikati ya alama mbili, usibane popote.

Zima, toa presha. Chora mstari wa kalamu kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye mwili wa valvu kabla ya kufungua, la sivyo utaurudisha umegeuka na "chuja" itakuwa "mwaga". Safisha mfereji wote, punje moja ya mchanga inatosha kuharibu. Boliti kaza kwa kupishana, hii na ya upande wa pili, kidogokidogo.

Chumvi_ya_Sahare · #28

Mrejesho wa mwisho, samahani kwa kuchelewa, harusi ilinimeza.

Mpira ulikuwa umekatika spoki moja na nyingine imejikunja kama mkia wa chatu. Mpya ulikuja na basi lilelile la usiku. Mstari niliuchora kwa kalamu ya bluu, na bado nilipofunga mara ya kwanza nikakuta nimeubandika vyema ila nimesahau springi juu ya meza. Nikafungua tena. Bomba la uchafu sasa limekauka kabisa, nimeliwekea kopo chini siku nzima, sijapata hata funda.

Ndoo 5, bwawa 5. Pampu ikiwaka.

Gharama zote, oringi, sili, adapta, soketi, gundi, mpira wa spoki na nauli za mizigo, hazikufika laki mbili na nusu. Bosi amerudi, ameuliza swali moja tu: kwa nini kwenye hesabu kuna povu la kunyolea.

Harusi imepita salama, watoto waliingia saa tatu asubuhi wakatolewa kwa fimbo magharibi. Jirani amekuja jana kuuliza kama najua kwa nini chemchemi yake imekauka. Nimempelekea sahani ya pilau na ndoo mbili za maji kwa ajili ya bata.

fundi_chipukizi_MZ · #29

Mzee, hiyo grisi ya silikoni Kariakoo inauzwa maduka ya mabomba au ya spea za magari?

Mzee_wa_Presha · #30

Ya vifaa vya mabwawa ukiyapata, ya mabomba ukikosa. Soma kopo kwanza, liwe limeandikwa silikoni, na usikubali ukiambiwa "hii ni ileile".

kopo_la_ngamiani · #31

Chumvi, Jumapili niko huru. Nije?

Chumvi_ya_Sahare · #32

Njoo. Ila uoge kwanza na kopo lako kabla ya kuingia, na kama umejipaka mafuta ya mgando usisogelee pampu.